Kutafuta Kileo na Dawa za Kulevya Mwilini: Ushahidi wa Maabara na Barabara ya Kamanyola

Toksikolojia ya kimahakama ni elimu ya kutafuta kemikali ndani ya mwili wa mtu, awe hai au maiti, ili kumjibu hakimu. Maswali yake ni matatu, na kila moja ni gumu kuliko lililolitangulia. Je, kitu fulani kiliingia mwilini? Kiliingia kiasi gani, na saa ngapi? Na je, kilimbadilisha mtu hata akashindwa kuendesha gari, kukataa jambo, kujitetea au kubaki hai? Maabara nzuri hujibu swali la kwanza kwa uhakika, la pili kwa makadirio, na la tatu kwa tahadhari kubwa. Hukumu nyingi mbovu huzaliwa pale jibu la swali la kwanza linapopokewa kana kwamba ni jibu la tatu.

Kamanyola ni mahali pazuri pa kuyapima maswali hayo, kwa sababu kila kinachoweza kuharibu ushahidi wa aina hii kipo hapo. Mji huo uko katika uwanda wa Ruzizi, kiasi cha kilomita 50 kusini ya Bukavu, karibu na pale Kongo, Rwanda na Burundi zinapokutana. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, na hali yake ya hewa ni ya baridi. Kamanyola iko bondeni, na mchana joto hufika nyuzi 30 na kuzidi. Barabara ya taifa namba 5 hushuka kutoka Bukavu kwa kona za Ngomo zinazoogopwa na kila dereva wa lori, hupita Kamanyola, kisha huendelea Luvungi, Sange na Uvira. Kwa miaka mingi wasafiri wengi wameikwepa Ngomo kwa kuvuka Ruzizi mjini Bukavu, kupita Rwanda kwa barabara ya lami hadi Bugarama, na kurudi Kongo pale Kamanyola. Sampuli ya damu haina njia rahisi kama hiyo: kuivusha mipaka miwili kunahitaji karatasi ambazo muuguzi wa zamu ya usiku hana.

Vinavyotumiwa katika uwanda huo ni vingi, na kila kimoja kina tabia yake mbele ya kipimo. Ipo bia ya kiwandani, hasa Primus ya Bralima. Ipo kasiksi, pombe ya ndizi ambayo nguvu yake hubadilika kadiri inavyoendelea kuchachuka. Ipo kanyanga, ambayo kuelekea Uvira na Fizi wengine huiita rutuku, inayokenekwa nyumbani kutokana na mahindi au mihogo, na hakuna anayejua kiwango chake cha kileo mpaka ipimwe. Kuna vinywaji vikali vya chupa ndogo na vifuko vya plastiki, vya aina ile ambayo Tanzania ilipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017 kwa jina la viroba na Uganda ikafuata 2019. Kuna bangi. Na kuna vidonge vinavyouzwa bila karatasi ya daktari, hasa tramadoli na diazepamu, ambavyo humfikia mtu kwa njia ile ile ya dawa ya kichwa.

Elimu yenyewe ilianza na sumu, kisha ikaja kwenye ulevi. Mathieu Orfila alichapa kitabu chake kikuu juu ya sumu mwaka 1814 mjini Paris, na James Marsh akapata njia ya kuionyesha arseniki mwaka 1836. Lakini sumu za mimea ziliendelea kuwashinda wakemia, maana mwili wenyewe umejaa vitu vya asili ya uhai vinavyozificha. Aliyefungua mlango huo ni Mbelgiji, Jean Servais Stas. Mwezi Novemba 1850 bwana mmoja wa ukoo mkubwa, Hippolyte Visart de Bocarmé, alimuua shemeji yake kwa nikotini aliyoitengeneza mwenyewe kutokana na tumbaku. Stas aliitoa nikotini hiyo katika viungo vya marehemu kwa kutumia asidi, spiriti na etha, na de Bocarmé akakatwa kichwa kwa gilotini mwaka 1851. Kiini cha njia ya Stas, yaani kuitenganisha kemikali na nyama kabla ya kuitambua, ndicho kinachofanyika hadi leo katika kila maabara, ingawa mashine zimebadilika.

Kwa kileo, jina la kukumbukwa ni Erik Widmark wa Sweden. Mwaka 1922 alionyesha jinsi ya kupima ethanoli katika matone machache ya damu, na mwaka 1932 akatoa hesabu inayounganisha kiasi alichokunywa mtu, uzito wake na kiwango cha kileo katika damu yake. Hesabu hiyo inafaa kuonyeshwa kwa kitu kinachojulikana Kamanyola. Chupa kubwa ya Primus ina sentilita 72 na kileo cha asilimia 5. Hiyo ni mililita 36 za ethanoli safi, ambazo uzito wake ni kama gramu 28. Chupa mbili ni gramu 57. Ethanoli hufuata maji ya mwili, wala haingii katika mafuta, kwa hiyo Widmark huzidisha uzito wa mwanamume kwa takriban 0.68 na wa mwanamke kwa takriban 0.55. Mwanamume wa kilo 70 akizinywa chupa hizo mbili kwa mara moja atafika karibu gramu 1.2 kwa kila lita ya damu. Mwanamke wa kilo 55 akinywa sawasawa na yeye atakaribia gramu 1.9. Baada ya hapo ini huiondoa ethanoli kwa mwendo ambao karibu haubadiliki, wastani wa gramu 0.15 kwa lita kila saa. Kahawa, maji ya baridi na usingizi haviuharakishi mwendo huo.

Ugumu huanza pale mtaalamu anapoombwa kurudi nyuma. Tuseme pikipiki imegonga mtu saa mbili usiku, na motari, yaani mwendesha pikipiki, amechukuliwa damu saa nane, saa sita baadaye. Maabara inapata gramu 0.2 kwa lita. Kama mwili wa motari huondoa gramu 0.10 kila saa, wakati wa ajali alikuwa na 0.8. Kama huondoa 0.20, alikuwa na 1.4. Miili yote miwili ni ya kawaida kabisa. Na kama chupa ya mwisho aliinywa dakika chache kabla ya kupanda pikipiki, kileo kilikuwa bado tumboni na hesabu yote inayumba. Mtaalamu mwaminifu huiandikia mahakama mpaka wa chini na mpaka wa juu, pamoja na mambo aliyoyachukua kuwa kweli. Anayetoa namba moja tu anaificha kazi yake. Na kama kipimo kilikuta sifuri, hakuna hesabu inayoweza kufanyika: sifuri inaweza kutoka mahali popote.

Sheria za barabarani zimejaribu kuukwepa ugumu huo kwa kuweka kikomo. Msingi wa vikomo hivyo ni uchunguzi uliofanywa mwaka 1962 na 1963 katika mji wa Grand Rapids, Michigan, na Robert Borkenstein, yule yule aliyebuni kipima ulevi cha pumzi mwaka 1954. Walilinganishwa madereva wapatao 6,000 waliopata ajali na wengine zaidi ya 7,000 waliopita mahali pale pale bila ajali. Hatari ilionekana kupanda wazi kadiri damu ilivyokaribia gramu 0.8 kwa lita na kuendelea kupanda kwa kasi baada ya hapo. Uingereza ilichagua kikomo hicho cha 0.8 mwaka 1967, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikakirithi. Namba hiyo inaeleza hali ya madereva kwa maelfu. Haisemi kwamba huyu aliyesimama kizimbani jana alikuwa anayumba.

Tofauti hiyo iliwahi kuangusha kanuni nzima. Kenya ilirudisha vipima ulevi barabarani mwishoni mwa 2013, watu wakaviita Alcoblow, kwa kanuni zilizoweka kikomo cha mikrogramu 35 za kileo kwa mililita 100 za pumzi. Januari 2017 Mahakama ya Rufani mjini Nairobi iliamua kwamba kanuni hizo hazikulingana na Sheria ya Trafiki iliyo juu yake, ambayo humwadhibu dereva aliyelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kanuni zilipima kiasi. Sheria mama ilitaka uwezo. Kongo iko upande wa mwisho. Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 humwadhibu anayeendesha akiwa katika hali ya ulevi, na barabarani hali hiyo huandikwa na polisi kwa kuangalia macho, mwendo na harufu ya mtu. Harufu inaonyesha kwamba mtu amekunywa na si zaidi. Mwendo wa kuyumba unaweza kuwa wa mlevi. Unaweza pia kuwa wa mwenye kisukari, mwenye malaria kali au aliyepigwa kichwani katika ajali ile ile. Mtu wa namna hiyo akifungiwa usiku kucha eti apate fahamu, anaweza kufa. Kwa hiyo kipimo ni ulinzi wa mtuhumiwa sawasawa na kilivyo silaha dhidi yake.

Pumzi ndiyo sampuli rahisi kuliko zote. Hewa inayotoka ndani kabisa ya mapafu hubeba ethanoli kwa uwiano na ile iliyo katika damu. Mashine nyingi huhesabu kwamba mililita 2,100 za pumzi zina kileo sawa na mililita moja ya damu, ingawa uwiano huo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kinachovuruga zaidi ni kileo kilichobaki mdomoni. Aliyemeza fundo la kanyanga dakika moja iliyopita, au aliyecheua, ataipandisha namba mara nyingi kuliko ilivyo katika damu yake, na ndiyo maana kanuni ya kazi hudai kumwangalia mtu dakika 15 bila kula, kunywa wala kutapika kabla hajapuliza. Mashine nayo inahitaji kusawazishwa kila baada ya muda kwa gesi au mmumunyo wa kiwango kinachojulikana. Bila daftari la usawazishaji, kipima ulevi kizuri hakina thamani ya ushahidi.

Damu ndiyo sampuli yenye kusema zaidi, na ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi. Hapa inafaa kuangalia mikono ya muuguzi. Amezoea kusafisha ngozi kwa pamba iliyolowekwa alkoli kabla ya kuchoma sindano. Kwa damu ya aina hii pamba hiyo ni mwiko. Hutumika dawa ya ayodini au maji na sabuni, vinginevyo wakili wa utetezi ana neno la kusema, naye atakuwa na haki. Chupa inayotakiwa ni yenye kifuniko cha kijivu, ile ile ya kupimia sukari, ambayo ndani yake mna unga wa floridi ya sodiamu na oksalati ya potasiamu. Oksalati huzuia damu kuganda. Floridi huzuia vijidudu na vimeng'enya kuendelea na kazi yao, kwa sharti kwamba chupa imegeuzwa taratibu mara kadhaa ili unga uyeyuke wote. Ijazwe hadi karibu na kifuniko, maana ethanoli huhamia katika nafasi tupu. Kisha iandikwe jina, tarehe na saa, ifungwe kwa mkanda wenye saini, na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 4. Vituo vingi vya afya vijijini vina frigo moja tu ya kutegemewa, nayo ni ya chanjo, ambayo haifai kuchanganywa na damu. Boksi la barafu hufanya kazi kwa saa chache, na barafu lazima itoke mahali fulani.

Joto la Kamanyola ndilo adui mkuu. Katika damu isiyo na kihifadhi, hamira na bakteria hugeuza sukari kuwa ethanoli kwa njia ile ile inayofanya kasiksi iwe kasiksi. Chupa ya kawaida iliyokaa siku mbili ndani ya droo kwenye nyuzi 30 inaweza kumfanya mtu ambaye hakunywa aonekane amekunywa. Inaweza pia kumsafisha aliyekunywa, maana vijidudu vingine hula ethanoli. Kuna mtego mwingine, wa kimyakimya: hospitali nyingi hupima majimaji ya damu baada ya chembe kuondolewa, na majimaji hayo huwa na kileo zaidi ya damu nzima kwa kiasi cha asilimia 15 hivi. Matokeo ya hospitali yakisomwa bila kurekebishwa, mtu aliye chini ya kikomo anajikuta juu yake.

Katika maiti tatizo hilo huwa kubwa zaidi. Mwili ulioopolewa Ruzizi baada ya siku tatu, au uliolala njiani kwenye joto, hutengeneza ethanoli yake wenyewe, wakati mwingine kwa kiwango cha kupita kikomo cha dereva. Wataalamu hujikinga kwa kuchukua sampuli zaidi ya moja. Damu hutolewa katika mshipa wa paja, wala si moyoni, kwa kuwa kileo na dawa zilizomo tumboni na kwenye ini huvuja kuelekea moyo baada ya kifo. Majimaji ya ndani ya jicho huchukuliwa kwa sindano nyembamba, kwa sababu jicho limejitenga na vijidudu huvichukua muda kulifikia. Mkojo hupimwa ili kuona kama una ethili-glukuronidi, kitu ambacho ini la mtu aliye hai hukitengeneza linaposhughulikia ethanoli na ambacho uozo wa kawaida haukitengenezi. Damu yenye kileo, jicho lisilo nacho na mkojo usio na ethili-glukuronidi vikikutana, maana yake karibu iko wazi: kileo kilizaliwa ndani ya maiti. Familia inayongoja kujua kama baba alikufa akiwa mlevi inastahili jibu la namna hiyo, si namba moja iliyotoka moyoni mwa marehemu.

Kwa bangi na vidonge, sampuli inayotangulia ni mkojo, na chombo kinachopatikana kwa urahisi ni kijistari cha karatasi chenye kingamwili. Hapa pana hatari ambayo haina budi kutajwa kwa sababu ya mazoea ya vituo vya afya vya Kivu. Kila muuguzi anajua kipimo cha haraka cha malaria: mistari miwili, mgonjwa ana malaria. Kijistari cha dawa za kulevya hufanya kazi kinyume. Dawa iliyomo katika mkojo hushindana na ile iliyopakwa kwenye karatasi. Ikiwa nyingi huuzuia mstari wa kipimo usitokee. Mistari miwili, basi, ni kwamba dawa haikuonekana, na mstari mmoja wa udhibiti peke yake ni kwamba imeonekana. Asiyefundishwa jambo hili atawaweka huru watumiaji na kuwashtaki wasiotumia, na hakuna atakayegundua. Vijistari vyenyewe havitakiwi kuhifadhiwa juu ya nyuzi 30.

Hata kikisomwa sawasawa, kijistari ni mchujo wa kwanza tu. Kingamwili hutambua umbo la molekyuli, na molekyuli zenye maumbo yanayofanana huidanganya. Rifampisini, dawa ya kila siku ya mgonjwa wa kifua kikuu, imewahi kutoa jibu la uongo la afyuni katika baadhi ya vipimo. Ofloksasini na levofloksasini zimefanya vivyo hivyo. Efavirenzi, iliyotumiwa sana na watu wenye virusi vya ukimwi kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi yake, iliwafanya wengine waonekane wamevuta bangi. Katika nchi yenye kifua kikuu na ukimwi, makosa hayo huwaangukia wagonjwa. Upande wa pili, kijistari cha mofini hakiioni tramadoli, kwa kuwa tramadoli imetengenezwa kiwandani na umbo lake ni jingine. Bila kijistari chake maalumu, kijana aliyemeza vidonge kumi atatoka akiwa msafi. Unga unaoitwa bombe, uliozua kelele Kinshasa mwaka 2021 na kusemwa kuwa umesagwa kutokana na chujio la moshi la magari na kuchanganywa na vidonge, una sehemu ambayo hakuna kijistari cha kuiona: metali hutafutwa kwa mashine za aina nyingine kabisa.

Udanganyifu nao una mbinu zake. Mkojo halali huwa na joto la kati ya nyuzi 32 na 38 ukipimwa ndani ya dakika nne, na kwingineko duniani kigezo hicho kinatosha kumkamata aliyeleta maji ya bomba. Kamanyola, saa nane mchana, maji yaliyokaa juani yanafikia joto hilo yenyewe. Inabaki kupima kreatinini, ambayo ikishuka chini ya miligramu 20 kwa desilita huonyesha mkojo uliozimuliwa.

Jibu la uthibitisho hutoka kwenye mashine inayotenganisha vitu na kisha kuvipima kwa uzito wa vipande vyake: kromatografia ya gesi au ya kimiminika iliyoungwa na spektrometa ya masi. Mashine hiyo haitazami umbo kwa mbali. Huivunja molekyuli na kulinganisha vipande vyake na vya kitu halisi. Katika mfumo wa serikali ya Marekani, ambao wengi wameuiga, mkojo wa mvuta bangi hupita mchujo kwa nanogramu 50 kwa mililita na huthibitishwa kwa nanogramu 15. Mwaka 1998 kikomo cha mchujo wa afyuni kilipandishwa huko kutoka nanogramu 300 hadi 2,000, kwa sababu watu waliokula mikate yenye mbegu za mpopi walikuwa wakipoteza kazi.

Muda ambao kila kitu hukaa mwilini ndio unaoamua maana ya jibu. Alama maalumu ya heroini hutoweka katika mkojo ndani ya siku moja hivi. Kokeini huacha mabaki kwa siku mbili hadi nne. Diazepamu huacha mabaki yanayodumu siku nyingi. Bangi ndiyo inayowapotosha watu zaidi: kiini chake cha ulevi hushuka katika damu ndani ya saa chache, lakini mabaki yake hujificha katika mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo, siku kadhaa kwa aliyevuta mara moja na wiki kadhaa kwa mvutaji wa kila siku. Mkojo wenye mabaki ya bangi, kwa hiyo, hauthibitishi kwamba dereva alikuwa amelewa saa ya ajali. Kumfunga motari kwa ajali ya leo kwa sababu ya msokoto wa Jumapili iliyopita ni dhuluma, hata kama maabara haikukosea hata kidogo.

Kuna sampuli zenye kumbukumbu ndefu. Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na tangu 1979, Werner Baumgartner na wenzake walipozipima nywele za watumiaji wa heroini, zimetumika kusoma historia ya miezi. Fosfatidiliethanoli, inayojengeka kwenye chembe nyekundu wakati kuna ethanoli, huonyesha unywaji wa wiki mbili hadi nne zilizopita, na tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi maalumu linatosha kuipima. Karatasi iliyokauka husafiri kwa bahasha, bila barafu. Kwa mahali kama uwanda wa Ruzizi, njia hii ina matumaini kuliko nyingine nyingi, ingawa inahitaji maabara yenye mashine mwishoni mwa safari.

Kukuta kitu hakujibu kilifikaje. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameikuta tramadoli katika mizizi ya mti wa Nauclea latifolia kaskazini mwa Kamerun, wakaamini ni ya asili. Mwaka 2014 kundi la Michael Spiteller wa Dortmund lilionyesha maelezo mengine: wakulima wa huko walikuwa wakinunua tramadoli kwa matumizi yao wenyewe na kwa ng'ombe wao wa kulimia, ikapita kwenye mkojo na samadi hadi udongoni, na mizizi ikaifyonza. Mashine zote zilikuwa zimesema kweli.

Wakati mwingine kinachotafutwa ni sumu iliyofichwa ndani ya kileo. Methanoli inalewesha kama ethanoli, lakini ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki inayopofusha macho na kuua baada ya saa kadhaa. Novemba 2000 pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 130 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi; Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale na jirani zake kusini magharibi mwa Uganda, waragi uliochanganywa uliua watu zaidi ya 80. Kanyanga ya nyumbani huwa na methanoli kidogo tu; vifo vya wingi kwa kawaida hutokana na spiriti ya kiwandani inayoongezwa ili kukuza faida. Kipima ulevi cha pumzi hakitofautishi vizuri methanoli na ethanoli. Kromatografia ya gesi huzitenga mbili hizo kwa dakika chache, na hapo saa zina maana ya uhai, kwa kuwa ethanoli yenyewe ikitolewa hospitalini huzuia ini lisiigeuze methanoli kuwa sumu.

Eneo moja linahitaji elimu hii kuliko ajali zote za Ngomo: ukatili wa kingono. Kati ya 2013 na 2016, huko Kavumu kaskazini ya Bukavu, watoto wa kike walichukuliwa usiku majumbani na kubakwa, na wazazi walieleza kwamba walilala usingizi mzito wasisikie kitu. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini iliwahukumu wanaume 11 kifungo cha maisha, akiwemo mbunge wa jimbo, Frederic Batumike. Swali la kama watu wa nyumba fulani walileweshwa hujibiwa kwa mkojo uliochukuliwa mapema tu: vitu vingine vya kulewesha hutoweka ndani ya saa 12, vingine hukaa hadi siku tano. Hospitali ya Panzi, pamoja na shirika la Physicians for Human Rights, imewafundisha waganga, polisi na mahakimu wa Kivu tangu 2011 kuandika na kutunza ushahidi wa ubakaji. Chupa ya mkojo ya siku ya kwanza ingefaa kuwa sehemu ya kawaida ya kazi hiyo, ifungwe na kusubiri hata kama mhanga bado hajaamua kushtaki. Matokeo yake hayana budi kulindwa yasigeuzwe kumlaumu: kukutwa na kileo katika damu ya aliyebakwa hakumpunguzii mbakaji kosa lolote.

Safari ya sampuli ina uzito sawa na kipimo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, ilieleza kwamba kielelezo kinahitaji mfululizo wa maandishi unaoonyesha kilikamatwa vipi, kilishikwa na nani, kilihamishwa lini na kuchunguzwa wapi. Tangu hapo kesi nyingi za dawa za kulevya zimeanguka kwa sababu ya pengo moja katika mfululizo huo. Tanzania ina taasisi ya kuubeba mzigo huo, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo mizizi yake inarudi 1895. Uganda ina maabara yake ya serikali Wandegeya, Kampala. Rwanda ina maabara ya uchunguzi wa kimahakama Kigali, ambayo kwa ramani ndiyo iliyo karibu zaidi na Kamanyola. Ndani ya Kongo, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wataalamu wa toksikolojia wanaojulikana nje ya nchi, lakini Lubumbashi ni mbali kuliko Kigali, Kampala au hata Dodoma. Na tangu Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, kazi ya polisi, parke na mahakama katika uwanda wote imevurugika.

Hata hivyo sehemu kubwa ya ushahidi hutengenezwa au kuharibiwa kabla ya maabara, na sehemu hiyo iko mikononi mwa watu wa Kamanyola wenyewe. Anahitajika OPJ, yaani ofisa wa polisi wa upelelezi, anayeandika saa ya tukio na saa ya kutoa ombi kwa mganga. Anahitajika muuguzi anayeandika saa ya kuchoma sindano, dawa alizompa majeruhi kabla ya kuchukua damu, na vidonge ambavyo mgonjwa humeza kila siku. Zinahitajika chupa mbili za kifuniko cha kijivu, moja ya kupimwa na moja ya kubaki kwa ajili ya utetezi. Linahitajika daftari moja la kupokea na kukabidhi, lenye saini ya kila mkono. Boksi la barafu lijazwe kabla ya gari kuondoka, na sampuli zisiachwe juu ya dashibodi kwenye jua la uwanda wa Ruzizi kabla ya kuanza kupanda kona za Ngomo.